Irabu Iliyoua

Kwanza ulikuja mdundo. Du. Du. Du. Haukutoka mbele wala nyuma. Ulipanda kutoka chini, ukapenya soli za viatu, ukagonga magoti. Inspekta alisimama katikati ya barabara akaitazama lami kama mtu aliyekanyaga kaburi na mwenye kaburi akabisha hodi.

"Usiogope, mkuu," sauti ilisema kutoka nyuma ya uzio wa mabati. "Huyo ni fuko anapita."

"Anapita wapi?"

"Chini yako. Ukivuta subira kidogo atauacha unyayo wa kushoto ahamie wa kulia."

Aliyesema alikuwa mchimbaji mwenye kifua kama mlango wa ghala, udongo umemkaukia hadi viwikoni. Wenzake walimwita Sururu. Inspekta hakucheka. Alipita kwenye upenyo wa uzio, konstebo mmoja akimfuata, akasimama mbele ya mchimbaji huyo kwa karibu kuliko adabu.

"Jumatatu mtu amekufa hapa."

"Ndiyo, mkuu."

"Na bado mnatania."

"Tunatania ili tuchimbe, mkuu. Ukichimba shimo kimyakimya unaanza kujiona umelala ndani."

Msimamizi wa kazi alifika mbio, kofia ngumu mpya kichwani, shati limenyooshwa pasi. Viatu vyake havikuwa na hata chembe ya tope. Inspekta aliviangalia viatu hivyo kabla hajamwangalia uso.

"Nieleze kazi," alisema. "Kama unavyomweleza mjinga."

Msimamizi alieleza. Bomba la maji lilitakiwa kuvuka barabara, na wenye barabara hawakutaka lami yao ikatwe. Basi huchimbwa mashimo mawili, moja kila upande. Katika shimo la kwanza hulazwa mashine wanayoiita fuko: chuma kirefu, kinene kama paja, kichwa kimechongoka. Ndani yake mna nyundo. Upepo wa kompresa unaingia kwa mpira, unaisukuma nyundo, nyundo inakigonga chuma, chuma kinajitoboa njia ardhini hadi shimo la pili. Kikishatoka, kinaacha tundu safi la kupitisha bomba.

"Na wenye barabara hata hawajui kama kuna mtu amepita chini," alimalizia kwa fahari.

"Hata aliyekufa hawajui," alisema Inspekta. "Nionyeshe shimo lake."

Msimamizi aliwaongoza hadi kwenye kona ya kiwanja, nyuma ya kompresa ya pili iliyozimwa. Hapakuwa na shimo. Palikuwa na kiraka cha udongo mwekundu kilichoshindiliwa.

"Nani ameamuru lifukiwe?"

"Mimi."

"Lini?"

"Jioni ileile. Lilikuwa hatari, mkuu."

"Kwa nani? Aliyekuwamo alikuwa ameshatolewa."

Inspekta alisubiri. Alijua kusubiri kulivyouma. Alikuwa amewavunja wanaume wenye mabega kuliko huyu kwa kuwatazama tu bila kupepesa. Jasho lilianza kuteremka chini ya kofia mpya.

"Halikuwa na mbao," Sururu alisema kando, kama anayeliambia koleo lake.

"Mbao gani?"

"Za kuzuia kuta zisianguke. Kina kikizidi kiuno unaweka mbao. Sisi tuliambiwa tuwahi."

"Kuta zilianguka?"

"Hapana, mkuu."

"Basi hukufukia mauaji," Inspekta alimwambia msimamizi. "Ulifukia uvivu wako. Utaujibia kwingine, na nitahakikisha unaujibia. Sasa niambieni marehemu alikufaje. Wewe usiseme. Aseme huyu."

Sururu aliegemea koleo. Marehemu aliitwa Shabaha, kwa kuwa ndiye aliyelenga fuko, na alikuwa hakosi. Jumatatu fuko alikuwa ameshazama nusu ya mwili ardhini, kisha akaanza kukohoa. Fuko akikohoa ana kiu ya oili. Shabaha alibaki shimoni peke yake na wengine wakavuka kwenda kuangalia shimo la upande wa pili. Juu alibaki mtu wa upepo, aliye kwenye koki ya kompresa. Ili kumnywesha fuko oili lazima upepo ukatwe, mpira utenganishwe, oili imiminwe moja kwa moja. Mpira una kiungo cha chuma chenye kucha mbili. Kiungo kina pini, na juu ya pini kuna waya wa usalama, ili hata kikifunguka kisiruke.

"Pini na waya vilikutwa wapi?"

"Ukingoni mwa shimo. Vimepangwa vizuri, sambamba. Shabaha alikuwa mtu wa mpangilio."

"Alivitoa mwenyewe, basi. Alijua upepo umekatwa."

"Alijua, mkuu. Halafu ukaja." Sururu alionyesha sikio lake la kulia kwa kidole. "Mpira ulirukaruka kama nyoka aliyekatwa kichwa. Kile chuma kilimpata hapa. Kikarudi tena. Na tena. Tuliusikia kutoka ng'ambo, tukadhani ni fuko anafanya kazi."

Konstebo aligeuza uso. Inspekta hakugeuza.

"Koki ilikuwa wazi kiasi gani mlipofika?"

"Yote."

"Nani aliigusa wa kwanza?"

"Mimi ndiye niliyemlaza."

"Sikuuliza nani alimlaza maiti. Nimeuliza koki."

"Ndiyo, mkuu," Sururu alisema, amekunja uso kidogo. "Koki."

Inspekta alilipita jibu lile. Baadaye angejilaumu, lakini si sana. Hakuwa mtu wa kujilaumu sana.

"Ni irabu moja tu imemuua, mkuu," msimamizi alidakia, akiona mlango wa kutokea. "Mtu wa upepo ameeleza mwenyewe kituoni. Mpira ulikuwa unavuja kidogo, Shabaha akapiga kelele 'Funga!', yaani kaza koki. Kompresa inanguruma. Yeye akasikia 'Fungua!' Akafungua. Funga, fungua. Tofauti ni u. Nani angeweza kuisikia?"

"Wewe ulikuwapo?"

"Nilikuwa ofisini."

"Wewe ofisini ndiko uliko siku zote." Inspekta alimgeukia Sururu. "Huyo mtu wa upepo mlikuwa mkimwita nani?"

Wachimbaji walitazamana. Mmoja alikohoa kukificha kicheko, kikamtoka puani.

"Mjomba," alisema Sururu.

"Mjomba nani?"

"Mjomba tu, mkuu."

Inspekta akamwonyesha msimamizi kiraka cha udongo mwekundu.

"Chimbueni. Lile lile, pale pale. Safari hii wekeni mbao. Leteni fuko, mpira, kila kitu kilichokuwapo. Mchana ninarudi na mtu wenu."

"Mkuu, kazi itachelewa—"

"Shika koleo na wewe. Itawahi."

*

Mjane wa Shabaha aliishi kwenye chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri mno, upande mmoja tu umebonyea. Juu ya kabati palikuwa na redio ndogo, na chini ya kabati mtoto wa kike aliyeanza kutembea karibuni alikuwa akivuta soksi za mwanamume, moja baada ya nyingine, akizivaa mikononi.

"Pole kwa msiba," Inspekta alisema. Aliyasema kama anavyosema mtu habari za asubuhi.

"Tumeshapoa, afande. Kaa."

Hakukaa.

"Unajua kwa nini nimekuja."

"Kaka yangu." Alikuwa mwanamke mwembamba, sauti yake imekwaruzwa na kilio lakini haitetemeki. "Nimemzika mume. Kaka ndiye aliyebaki. Baba hatuna, mama hatuna. Huyu mtoto hana mwanamume mwingine wa kumwita. Nimezika mmoja, afande, msinizikie wa pili akiwa hai."

"Nitakuambia ilivyo, usije ukasema ulidanganywa. Kaka yako anasema alisikia vibaya. Ikiwa ni hivyo, huo ni uzembe. Jioni hii anarudi nyumbani kusubiri kesi. Ikiwa si hivyo, ni kuua kwa kukusudia. Huko harudi mtu."

"Ni hivyo! Niulize lolote. Mimi nimelelewa naye, tumelala kitanda kimoja, tumekula sahani moja. Lolote, afande."

Kabla Inspekta hajauliza, mtoto alijiinua kwa kushika kabati, akanyoosha mkono wenye soksi kwenye redio.

"Amka!" aliamuru.

Mama yake alinyoosha mkono bila kuangalia, akakizungusha kitufe, wimbo ukajaa chumbani. Akakirudisha.

"Lala," aliiambia redio. "Kuna wageni."

Inspekta alitulia. Konstebo aliyekuwa mlangoni alimwona akitulia, akajua kuna kitu.

"Mbona redio inalala?"

Kwa mara ya kwanza mjane alitabasamu. Tabasamu lile lilimfanya aonekane mdogo, kama dada wa mtoto.

"Baba yake huyo! Humu ndani kila kitu kinalala na kuamka. Taa inalala. Jiko linaamka. Siku moja tulikuwa kwa watu, akaliambia bomba la maji 'lala wewe', mwenye nyumba akadhani ametukanwa. Ni maneno ya shimoni hayo. Hawasemi funga wala fungua kule, ni mwiko. Upepo ukikatwa, fuko amelala. Ukitiwa, ameamka. Hata kile chuma wanachomlazia wanakiita kitanda."

"Kwa nini mwiko?"

"Kwa sababu yanafanana, na kompresa inapiga kelele. Zamani kuna fundi alikatika vidole. Aliambiwa hivi akasikia vile. Kaka ndiye alikuwa mkuu wao wakati huo. Akawakusanya, akawaambia: kuanzia leo maneno haya mawili yamekufa, atakayeyatamka shimoni atachimba peke yake hadi jua lizame. Na aliwachimbisha kweli! Mpaka wakasahau kama yaliwahi kuwapo." Alijifuta pua kwa kiganja. "Sasa unaona alivyo mwangalifu, afande? Mtu kama huyo anaweza kuua? Andika hayo. Tafadhali yaandike."

"Sitayasahau," alisema Inspekta.

Mtoto alikuwa amesikia neno moja katika yote yale. "Kaka" alilijua ni nani. Akapiga makofi kwa soksi zake.

"Mjomba Choo! Mjomba Choo!"

Mama alimziba mdomo haraka. "Shh! Hana adabu huyu."

"Nani amemfundisha?"

"Baba yake. Utani tu, afande. Wale ni mashemeji, shemeji asipotaniwa atadhani anachukiwa." Aliona macho ya Inspekta hayaondoki, akaendelea, maneno yakimtoka kwa kasi. "Kaka ndiye aliyekuwa akilenga fuko zamani. Ndiye aliyemfundisha mume wangu. Siku moja fuko alipotea njia. Alitakiwa atokee ng'ambo ya uwanja wa shule, akatokea kwenye choo cha walimu. Na mwalimu mkuu alikuwa ndani, amechuchumaa. Fuko akainua sakafu mbele yake, akamtolea kichwa. Yule mzee alitoka na suruali magotini, shule nzima iko kwenye foleni ya asubuhi." Alitaka kucheka, akashindwa. "Wakamwondoa kwenye kulenga wakampa koki ya upepo. Kulenga akapewa mume wangu."

"Kaka yako alikasirika?"

"Alicheka kuliko wote."

"Na mtoto alipomwita hivyo mara ya kwanza?"

Mjane alimvua mtoto soksi moja, akaikunja mara mbili, akaikunja tena.

"Ilikuwa Jumapili. Alikuja kula hapa. Tulikuwa tunasubiri mtoto aseme neno lake la kwanza, baba au mama. Akamtazama mjomba wake, akasema lile. Neno lake la kwanza duniani, afande; mengine yamefuata tangu siku ile. Mume wangu alicheka mpaka akalala chini. Akawa anamwambia, rudia, rudia. Kaka aliweka kijiko. Akaaga vizuri tu." Aliinua uso. "Hakumaliza chakula."

"Jumapili," alisema Inspekta. "Na mume wako alikufa Jumatatu."

Soksi ilimwanguka.

"Afande, kwa nini unaniuliza mambo haya?"

"Uliniambia nikuulize lolote."

*

Mtu wa upepo aliletwa mchana, pingu mkononi, macho yamemwingia ndani. Alikuwa mrefu, mwenye vidole vyembamba vya mtu wa kazi za kupima, si za kupiga. Alipoliona shimo limechimbuliwa, mbao zimesimama kando zake, alirudi hatua moja nyuma. Konstebo alimsukuma.

"Sikuelewa vizuri maelezo yako," Inspekta alimwambia, karibu kwa upole. "Mimi si mtu wa mashine. Nataka unifundishe. Mtege fuko kama mlivyomtega Jumatatu, ili nikaandike kwamba ulisikia vibaya, tuachane. Mfungueni pingu."

Wachimbaji walikusanyika. Msimamizi alikuwa pembeni, viganja vimetoka malengelenge.

Mwanzoni yule mtu alifanya kazi kama anayeota. Alikishika kitanda cha chuma, akakiteremsha shimoni, akaweka pimamaji juu yake. Povu la hewa kwenye pimamaji lilikwenda kulia. Akatia kipande cha mbao chini ya mguu mmoja, povu likarudi nusu. Akatoa mbao, akaikwangua kwa panga, akairudisha. Povu likasimama katikati.

"Kwa nini hukuiacha?" Inspekta aliuliza. "Lilikuwa limekaribia."

"Kukaribia ni huku, mkuu." Alipima unene wa ukucha. "Akifika ng'ambo ukucha umekuwa mkono."

Kazi ilikuwa imeanza kumchukua. Walimlaza fuko kitandani. Akaamuru fimbo isimamishwe kwenye shimo la upande wa pili, akalala kifudifudi nyuma ya mkia wa fuko, jicho moja kwenye darubini ndogo, akanyoosha kidole: kushoto, kushoto, hapo, usipumue. Tangu alipoondolewa kwenye kulenga hakuna aliyemwachia nafasi ile. Mgongo wake ulinyooka. Akasimama akaupuliza mpira kwanza, mdomo wake ameukanyaga kwa buti, mchanga ukatoka kwa kishindo. Akatia oili. Akaunganisha kucha za kiungo, akasokomeza pini, akakaza waya wa usalama, akauvuta mara mbili kuhakikisha. Mikono ile ilikuwa na akili yake. Alikuwa ameshasahau kituo, ameshasahau pingu, na Sururu alipomkabidhi kitambaa cha kufutia mikono alisema "ahsante, ndugu yangu" kama Jumatatu haijawahi kutokea.

"Na wewe ulisimama wapi?"

"Hapa, mkuu." Alishika koki.

"Washeni kompresa."

Mngurumo uliwajaza masikio. Inspekta alivua koti, akampa konstebo, akateremka mwenyewe shimoni. Akachuchumaa nyuma ya fuko, bega lake limegusa kiungo cha chuma chenye kucha. Kutoka pale aliinua macho. Alimwona mtu wa upepo kuanzia kiunoni hadi utosini, waziwazi, na akajua kwamba yeye naye anaonekana.

Akapaza sauti. "Fungua!"

Mkono ulio kwenye koki haukwenda. Yule mtu aliinamisha kichwa, kama mwanafunzi anayetafuta jibu kwenye dari. Midomo yake ilitikisika. Kisha, taratibu, akijikumbusha, aliizungusha koki yote. Fuko alishtuka, akaanza kupiga. Du! Du! Du! Akakizamisha kichwa chake ardhini.

Inspekta alimwacha apige. Akaona kichwa chote kimezama. Akaona yule mtu ametulia, jicho lake liko kwenye mstari wa fuko, anapenda anachokiona.

"Lala!" Inspekta alifoka.

Mkono uliruka. Fuko akanyamaza.

"Amka!"

Robo ya koki, laini, kama anayemwamsha mtoto. Du. Du.

"Lala!"

Ukaruka tena. Kimya. Hapo tu ndipo akili ilipoufikia mkono. Mtu wa upepo aliitazama koki aliyoishika, kisha akaiachia kama chuma kilichotoka motoni.

Inspekta alipanda juu bila haraka. Alionyesha kompresa, ikazimwa. Sururu alikuwa amevua kofia.

"Uliniambia alisema 'funga'."

"Ndiyo, mkuu."

"Sururu. Ni nani kati yenu amewahi kumsikia Shabaha akisema funga, humu kazini?"

"Hakuna."

"Hata kwa bahati mbaya?"

"Mkuu," Sururu alisema polepole, "maneno hayo yamekufa hapa. Hatuyajui."

"Nani aliyaua?"

Wote walimtazama mtu mmoja.

"Ulihitaji maneno mawili yanayofanana," Inspekta alimwambia. "Lala na amka hayafanani hata kwa kiziwi. Basi ukarudi kaburini, ukayafukua maneno uliyoyazika mwenyewe, ukaniletea mimi kituoni, kwa kuwa mimi ni askari na askari hajui lugha ya shimoni. Ulikuwa karibu kushinda. Kukaribia ni huku." Alimwonyesha ukucha. "Na koki? Robo. Nimeona. Fuko huamshwa kwa robo. Jumatatu uliifungua yote, na hapakuwa na fuko kwenye mpira. Palikuwa na kichwa cha shemeji yako."

"Alikuwa amesema..."

"Alisema nini? Nataka neno lake, si lako."

Yule mtu alitazama chini, shimoni. Alipozungumza sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu anayesoma vipimo.

"Alisema, 'Choo, lala.' Nikamlaza. Akatoa pini, akatoa waya, akavipanga pale. Akafungua kiungo. Akaniangalia, akacheka. Akasema, 'Mwanangu jana kanishinda, mimi ilinichukua mwezi mzima kukutungia jina, yeye neno lake la kwanza.'" Alipumua. "Mimi ndiye niliyemfundisha kulenga, mkuu. Nilimpa dada yangu kwa mikono yangu."

"Halafu?"

"Halafu nikamwamsha."

"Ulimwona anapigwa."

"Nilimwona."

"Mara ya kwanza, ungeweza kumlaza fuko."

"Ndiyo."

"Mara ya pili pia."

Konstebo alimrudishia pingu. Zililia mara mbili, na msimamizi akaruka kidogo kila zilipolia. Walikuwa wameshafika kwenye upenyo wa uzio wakati mtu wa upepo alipogoma kwenda, akaigeuza shingo.

"Nani amekwambia kuhusu lala na amka? Hawa hukuwauliza. Wamechimba tu."

"Dada yako."

Uso ulimbadilika. Alikuwa amekiri bila chozi. Sasa aliushika uzio wa mabati kwa mikono yenye pingu, konstebo akashindwa kumbandua.

"Alikuwa anakusifu," Inspekta aliongeza. "Alitaka nijue ulivyo mwangalifu. Alinisihi niandike."

"Mkuu." Yule mtu alikuwa ananong'ona. "Mkuu, nakupigia magoti. Mimi nihukumuni mnavyotaka, sitabisha. Ila yeye asijue kuwa ni maneno yake. Mwambie ni Sururu. Amempoteza mume, asije akajiona na mimi amenipoteza kwa mdomo wake. Usimwambie. Niahidi, mkuu. Neno lako tu."

Barabarani gari lilipita juu ya lami isiyo na kovu. Inspekta alichukua koti lake kwa konstebo, akalikung'uta udongo, akavaa mkono mmoja, kisha mwingine.

"Sitamwambia," alisema. "Hilo nakuahidi mbele ya hawa wote. Nitamwita mahakamani aje kukutetea. Atakuja na mtoto mgongoni, atasimama pale unapomwona. Ataulizwa kaka yake alikataza maneno gani, naye atayasema yote, kwa fahari, akikutazama wewe. Na nakuahidi, mpaka neno la mwisho litakapomtoka, atakuwa anaamini anakuokoa."